Wale Nao ni Mahujaji

Insha yangu ilirudi kutoka kwa mwalimu ikiwa na alama 61, na neno moja limekatwa kwa kalamu nyekundu mara tisa. Neno lenyewe ni hija. Nilikuwa nimeandika kuhusu safari niliyoifanya mwezi wa Desemba katika miji ya Haridwar, Rishikesh na Varanasi, kando ya mto Ganga nchini India, nikawaita watu niliowakuta huko mahujaji. Pembeni mwa ukurasa mwalimu aliandika: "Hija ni ya Makka. Hawa ni watalii wa kidini, au watu wa matambiko. Tafuta neno." Basi nimetafuta neno. Nimelitafuta kwa wiki sita nikarudi kwenye lilelile, na ninaandika hapa mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu kueleza kwa nini sitalitoa.

Kwanza niseme kwamba mwalimu huyo ninamheshimu. Ndiye aliyenifundisha ngeli nikiwa bado nasema "watu yangu". Kwetu Uganda wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, naye ni mmoja wa walioona mapema kwamba tunadanganywa. Ninabishana naye kwa lugha aliyonipa mwenyewe. Nadhani hilo halitamuudhi, na likimuudhi, ofisi yake naijua ilipo, nitakwenda kuomba radhi kwa kumuudhi. Kwa neno sitaomba.

Kaka yangu anasoma Dehradun, mji wenye vyuo vingi chini ya milima ya Himalaya. Likizo ya Desemba nilimtembelea. Kutoka pale hadi Haridwar ni kama kilomita hamsini, tukaenda kwa basi, kisha tukachukua bajaji (ndiyo, neno hili tulilopata kutokana na jina la kampuni ya huko linaeleweka kule bila tafsiri) hadi karibu na mahali panapoitwa Har Ki Pauri. Hapo mto umeshatoka milimani na unaingia tambarare. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, na kwenye ngazi kuna minyororo ya chuma, kwa sababu maji yanakwenda kwa kasi na anayeoga asiposhika mnyororo huchukuliwa. Desemba maji yale ni baridi kiasi cha kukata pumzi. Niliona mzee aliyeshikwa na wanawe wawili akizama mara tatu, kila mara akiibuka na midomo ya bluu, na kila mara akitaka kurudi. Niliona mama akimmwagia mtoto mchanga maji kwa kiganja huku mtoto akilia kwa hasira ya haki kabisa. Niliona kijana aliyenyolewa kichwa akifungua kitambaa cheupe juu ya maji, na majivu yakitoka, na vipande vidogo vya mfupa. Hakulia. Alikunja kile kitambaa vizuri sana, kama mtu anayekunja shati la kazini, akakaa.

Jioni makuhani huwasha taa kubwa zenye ndimi nyingi za moto, kengele hupigwa, na umati wote huimba. Watu huweka majini vibakuli vya majani vyenye maua ya rangi ya chungwa na utambi unaowaka. Katikati ya hayo yote wanapita watu wenye vitabu vya risiti wakikusanya sadaka, na nikacheka peke yangu, maana nilijiona niko kanisani kwetu Jumapili ya mavuno.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa madumu. Kando ya njia nzima, maduka yanauza madumu ya plastiki ya kila ukubwa, kuanzia kachupa ka kushika kwa vidole viwili hadi jerikeni la lita tano, ili watu wachote maji ya Ganga wapeleke nyumbani. Maji hayo hutunzwa miaka. Mtu anapokaribia kufa hutiwa matone mdomoni. Nilisimama mbele ya duka moja nisiweze kuondoka, kwa sababu madumu yale nayajua. Yako chini ya kitanda cha bibi yangu, tunayemwita Jajja, huko Masaka.

Jajja alikwenda Namugongo kwa miguu mara tatu katika maisha yake. Wasomaji wa nchi jirani wanapajua: ni pale walipochomwa moto Charles Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na kila mwaka tarehe hiyo watu humiminika kutoka Uganda yote, na kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Wengine hutembea wiki nzima na zaidi. Wakifika, huchota maji ya ziwa dogo lililopo pale, kwa chupa na kwa jerikeni, wakayabeba nyumbani kwa wagonjwa. Jajja anayo bado. Nilipokuwa na homa kali darasa la tatu alinipaka kwenye paji la uso.

Sasa swali langu kwa mwalimu ni jepesi. Kila mwezi wa Juni redio na magazeti ya Kiswahili hutangaza kwamba mahujaji wamewasili Namugongo. Maparokia ya Tanzania na Kenya huandaa hija ya Namugongo, na tangazo hubandikwa mlangoni kwa neno hilohilo. Sijawahi kusikia mwalimu yeyote wa Kiswahili akilikata kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo hoja ya kwamba hija ni ya Makka peke yake ilishakufa zamani, na waliyoiua ni Wakristo wa Afrika Mashariki bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama Jajja ni hujaji kwa sababu alitembea siku nyingi kwenda mahali patakatifu, akaomba, akachota maji akarudi, basi yule mzee wa mnyororo ni nani?

Nitaambiwa kwamba Wakristo na Waislamu ni watu wa kitabu, wana Mungu mmoja na Ibrahimu mmoja, hivyo kuazimana maneno kwao si kosa. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kidogo, na niliisikia kutoka kwa rafiki yangu Mwislamu ninayekaa naye bwenini. Alisema: kwetu hija ni nguzo, ina mwezi wake, mavazi yake, mahali pake na masharti yake, ukiliita kila tembeo hija unalinyang'anya neno uzito. Nilimsikiliza, na nakubali nusu. Hija ya Kiislamu ina maana ya kisheria ambayo haifanani na safari nyingine yoyote duniani, na anayetaka kuitaja hiyo aseme hija ya Makka, na ataeleweka. Lakini tazama maneno mengine yaliyokuja kwetu kwa njia hiyohiyo ya Kiarabu: sala, dini, ibada, sadaka, malaika, roho, Injili. Hata kanisa lenyewe, neno lenye msalaba juu ya paa, limetoka Kiarabu. Hakuna anayesema Mkristo hana ibada kwa sababu neno ibada lilikuwa la Waislamu kwanza. Lugha ilikuwa na neno, watu wakaja na jambo linalofanana, neno likanyooshwa. Ikiwa lilinyooshwa kwa padri, kwa nini linakatika likifika kwa Mhindu?

Na kama ni uzito, uzito upo. Kwa Kisanskriti mahali kama Haridwar huitwa tirtha, maana yake kivuko, pale mto unapovukika. Safari ya kwenda huko ni safari ya kwenda kivukoni, na ng'ambo inayosemwa ni ng'ambo ya kufa na kuzaliwa tena na tena. Mtu hujiandaa, hufunga, hunyoa, huenda kwa nadhiri. Katika mwezi wa Shravan, ambao huangukia Julai na Agosti, mamilioni ya vijana huvaa rangi ya chungwa, huchota maji Haridwar na kuyabeba kwa mti begani wakitembea mamia ya kilomita hadi hekalu la Shiva la kwao, bila kuyaweka chini ardhini. Mwalimu anataka niwaite watalii wa kidini. Mtalii hutembea mamia ya kilomita na maji begani?

Pendekezo lake la pili, watu wa matambiko, lina adabu zaidi, na ni kweli kwamba Wahindu huja kwenye mto huu kuwatolea wazee wao waliokufa mabonge ya wali au unga. Lakini yule mama na mtoto wake hakuwa akitambika. Wala yule mzee. Ukiita yote yale matambiko umeyapunguza hadi sehemu moja yake, na, tuseme ukweli, umeyaweka kwenye kapu ambalo shule zetu za misheni zilitufundisha kulidharau.

Nikiwa Haridwar nilipelekwa na rafiki wa kaka yangu kwa kuhani wa aina wanayoiita panda. Hawa kazi yao, kwa vizazi, ni kutunza vitabu vya nasaba. Familia ikija kwenye mto, iwe kwa majivu ya mzazi au kwa shukrani ya ndoa, huenda kwa panda wa wilaya ya asili yao, naye hufungua kitabu kirefu chembamba kilichokunjwa, akatafuta kijiji, akatafuta ukoo, akawasomea majina ya babu zao waliokuja kabla yao. Kisha wao huandika ya kwao. Mzee yule aliuliza natoka wapi. Nilipotaja Uganda alinyamaza kidogo, akamtuma kijana ndani, akatoa kitabu cha familia za Gujarat. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua kilipo kidonda chake. Kwa mkono wa mtu aliyekufa zamani ilikuwapo familia moja, na mbele ya jina la mmoja wao, kwa herufi ambazo nilisomewa, palikuwa na neno Jinja. Chini yake, kizazi kilichofuata, Jinja tena. Halafu London.

Sikuhitaji kuuliza mwaka. Kila Mganda anaujua mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke. Nilisoma habari hiyo shuleni katika aya mbili. Sikujua kwamba ukingoni mwa mto mwingine, katika kitabu kisichofanana na kitabu chochote cha maktaba yetu, kuna ukurasa ambao kwetu umeandikwa kama nyumbani kisha umekatika. Niliinua simu nipige picha. Mzee akaweka kiganja juu ya karatasi, taratibu, akatikisa kichwa. Hayo si ya simu, alisema, ni ya wenyewe. Wakija watasomewa.

Tena mto wetu na mto wao vimekwisha kutana. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, na sanamu yake iko pale hadi leo. Wahindu wa Uganda walioufanya mto wetu kuwa kivuko chao walikuwa wanatuambia jambo kuhusu nchi hii ambalo hatukulisikia.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonikasirisha kuliko kalamu nyekundu. Mwaka jana kwenye jioni ya chama chetu cha Kiswahili, mwenzetu mmoja aliyewahi kwenda India alitoa mada yenye picha. Simtaji, anajijua. Mada ilihusu Varanasi, mji ambao Wahindu wengi huuita Kashi, wenye ngazi za mto zipatazo 84, ambapo anayekufa huaminiwa kuwa anafunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa. Alituonyesha picha za Manikarnika, pale maiti zinapochomwa mchana na usiku. Kuni, moshi, mguu. Ndiyo, mguu, umeonekana wazi, mguu wa mama wa mtu. Ukumbi ulipiga kelele ya "aaah", wengine wakacheka, mmoja akauliza kama harufu ni kama ya muchomo. Mtoa mada akajibu kwa mzaha. Walimu wawili walikuwepo, nao walitabasamu.

Na mimi nilicheka. Niandike hilo, maana insha ya kulaumu wengine bila kujitaja ni ya kinafiki.

Desemba nikafika pale mwenyewe, baada ya usiku kucha ndani ya treni katika ukungu. Maiti hubebwa begani kwenye machela ya mianzi, imefunikwa kitambaa chenye kung'aa, na wabebaji wanaita jina la Ram kwa sauti. Inashushwa hadi mtoni ilowekwe kwanza. Kuni hupimwa kwa mizani mikubwa ya chuma, kwa kilo, kama mahindi, na aliye maskini huhesabu mara mbili. Moto unatoka kwa watu wa jamii ya Dom, ambao ndio wanaoutunza, na husemwa kwamba haujawahi kuzimika. Mtoto mkubwa wa kiume, amenyolewa, amevaa nguo nyeupe isiyoshonwa, huzunguka kuni na kuwasha. Karibu na ngazi kuna maandishi yanayokataza picha. Nilikuwa kwenye mtumbwi, mbali kidogo, na mpiga makasia alitukataza pia. Hata hivyo nilipiga moja. Nilijiambia ni ya kumbukumbu.

Kilichonifanya niione aibu ya picha ile kilikuwa kimetokea Haridwar siku nne kabla. Nimeketi kwenye ngazi, familia moja ikaja ikajipanga pembeni yangu bila kuniuliza, baba akapiga picha. Ikaja ya pili. Binti mmoja akashika nywele zangu zilizosukwa, akavuta kidogo aone kama zinatoka. Katika saa moja nilipigwa picha labda mara ishirini, na mara mbili tu ndipo mtu aliniomba. Wanafunzi wa Kiafrika walioko India wanajua ninachosema, na wengine wamekutana na mabaya kuliko kuvutwa nywele. Kaka yangu aliniambia nizoee. Sikuzoea. Nilijiona nimekuwa kitu. Siku nne baadaye, mtumbwini, nami nikamfanya mama wa mtu kuwa kitu, tena yeye hana hata uwezo wa kugeuza uso. Picha ile nilikaa nayo kwenye simu hadi niliporudi Kampala ndipo nikaifuta.

Hebu tuwaze. Tuseme kundi la wanafunzi kutoka Delhi linakuja kwenye matanga huko Masaka, linasimama juu ya kaburi lililo wazi na simu zao, kisha kwao wanaonyesha picha ukumbini watu wakicheka namna tunavyofunga maiti kwa vitambaa vya magome ya mutuba. Tungesema nini? Tungeandika barua kwa balozi. Lakini mada ya mwenzetu ilipewa cheti cha mada bora ya muhula.

Hapa ndipo ninapomrudia mwalimu, kwa sababu kwangu kalamu nyekundu na kile kicheko ni jambo moja. Mtu ukimwita hujaji, umeshakiri kwamba amekuja kwa jambo, na ukimpiga picha akiwa uchi wa huzuni unajua umekosa. Ukimwita mtalii, au kitu cha kutazamwa na watalii, simu inajiinua yenyewe. Kiswahili chetu tayari kina mzigo katika habari hii. Tunalo neno Baniani, lililotokana na jina la wafanyabiashara wa Kigujarati, na methali tunayoikariri mtihanini, kwamba Baniani ni mbaya lakini kiatu chake ni dawa. Tunaeleza maana yake kwa ufasaha, tunapewa alama mbili, na hakuna anayeuliza Baniani alifanya nini. Wengi wetu tunachanganya hata Mhindi, ambaye ni mtu wa India wa dini yoyote, na Mhindu, ambaye ni mtu wa dini. Varanasi kwenyewe kuna Waislamu wengi mno, ndio wafumaji wa zile sari za hariri. Mpiga zumari mashuhuri Bismillah Khan, Mwislamu, aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 2006, na alipiga muziki wake mahekaluni. Lugha isiyoweza kusema hayo ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni yetu tunaoisoma.

Kuna wanaoniambia: sawa, lakini ule mto ni mchafu, na watu wanaoabudu uchafu wasitegemee heshima. Mto ni mchafu, hilo halina ubishi, hasa ukishuka kutoka Haridwar kwenda Kanpur na Varanasi. Sehemu kubwa ya uchafu ni maji taka ya miji yasiyosafishwa, na viwanda, vikiwemo vya ngozi vya Kanpur. Majivu na maua ni kidogo sana ukilinganisha na hayo. Anayeoga pale alfajiri siye aliyejenga mfereji wa maji taka. Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuusafisha mwaka 1986, ikaanzisha mwingine, Namami Gange, mwaka 2014, wenye bajeti ya rupia bilioni 200, na hadi leo watu wanabishana fedha zimesafisha nini. Sisi wenye Nakivubo inayomwaga uchafu wa Kampala kwenye ziwa tunalokunywa, tutacheka kwa mdomo gani? Nyani haoni kundule.

Tena waliopigania mto ule kwa ukali kuliko wote ni hao hao wanaouita Mama. Veer Bhadra Mishra alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan hapo Varanasi, na wakati huohuo profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji huo. Alijua kwa vipimo kilichomo majini, alipiga kelele kuhusu kinyesi kilichomo kwa miaka zaidi ya thelathini, na bado alishuka kuoga. Alifariki mwaka 2013. G. D. Agrawal alikuwa profesa wa uhandisi wa mazingira, akawa mtawa uzeeni, na mwaka 2018 alifunga kula akidai mto uachwe utiririke bila mabwawa mapya ya umeme. Alifunga siku 111, akafa tarehe 11 Oktoba huko Rishikesh akiwa na umri wa miaka 86. Hata yale maji ya Har Ki Pauri niliyoyaona yakikimbia yana historia ya ubishi: Waingereza walifungua mfereji mkubwa wa umwagiliaji hapo mwaka 1854, walipotaka kujenga zaidi viongozi wa Kihindu wakiongozwa na Madan Mohan Malaviya waliwabana hadi yakawepo makubaliano ya mwaka 1916 kwamba maji yasizuiwe kuwafikia mahujaji. Mahujaji, mwalimu.

Sitaki nionekane nimerudi nimegeuka mpiga debe. Rishikesh ilinichosha. Ni mji mzuri, mto wa kijani kati ya milima, nyama na pombe ni marufuku, lakini tangu Beatles walipokuja kukaa huko mwaka 1968 umejaa watu wanaouza utulivu kwa wageni kwa dola, na kambi ya kale ya Beatles, sasa ni magofu yenye michoro, mgeni analipa kiingilio mara kadhaa ya kile cha mwenyeji. Tulikaa siku moja tukaondoka. Varanasi nako kuna matapeli wanaokushika mkono karibu na moto wakidai fedha za kuni za maskini, ambazo maskini hazioni. Na hao Dom, ambao bila moto wao hakuna anayefunguliwa kutoka lolote, wamewekwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka kwa karne nyingi. Watu wanaouchukua moto mikononi mwao hawatakula nao. Nililiona hilo likanichukiza na linanichukiza bado. Wapo pia waliokufa kwa kukanyagana: Januari 2025 kwenye Kumbh Mela ya Prayagraj, serikali yenyewe ilihesabu wafu 30. Mtu akiyalaumu hayo nitakaa upande wake. Lakini walaumu wa kwanza wametoka humohumo. Kabir, mfumaji wa Kashi, alidharau wazo la kwamba mahali pa kufia panaokoa, na inasimuliwa kwamba uzeeni aliondoka mjini akaenda kufia Maghar, mahali palipodhaniwa kuwa pa laana. Huyo aliwakosoa mahujaji akijua wanachotafuta. Mada yetu ya picha haikujua.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu jina. Kaka yangu hupenda mzaha kwamba mto unaitwa Ganga kwa sababu unaganga, na kwamba Mswahili ndiye aliyeupa jina. Ni sadfa tu ya sauti, na mwalimu wa isimu atanipiga nikiliandika kama hoja. Nalitaja kwa sababu nilimweleza Jajja nilipomletea kachupa kangu kutoka Haridwar. Nilikuwa na hofu, maana yeye ni Mkatoliki wa kweli, rozari haitoki mkononi. Alikashika kale kachupa akakageuza kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza watu wanatembea siku ngapi kufika huko. Nikamwambia wengine wiki mbili. Akauliza wanalala wapi. Nikamwambia kando ya barabara, na watu wa vijijini huwapa chakula bure. Akasema, "Kama sisi tulivyopewa pale Mpigi." Akainama akakaweka chini ya kitanda, kando ya jerikeni la Namugongo, akaniuliza nimekula.

Insha nimeirudisha kwa mwalimu jana saa nne. Nimesahihisha makosa yote ya ngeli aliyoyaonyesha, na nukta mbili nilizozisahau. Neno hija limo mara tisa.